Alama Nyekundu kwenye Ukuta wa Mama

Lodwar, 2 Mei 2025

Kaka Losike,

Ejok. Habari zako, za wifi na za watoto? Sisi huku tuko, na ukiniuliza tuko vipi nitakuambia tunamshukuru Akuj, Mungu wetu, kwa kuwa tuko.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu ilikunywa maji ya mto Kawalase na haijaamka hadi leo. Niliizika ndani ya mchele kama watu wanavyoshauri, lakini njaa ilipobisha tukaupika mchele, simu ikabaki bila daktari. Simu za kuazima sizitaki. Mwenye simu husimama papo hapo akisikiliza, na kesho yake soko zima linajua habari za nyumba yetu. Barua hii anakuletea Adut, yule mama wa Sudan Kusini anayekuja huku kununua samaki wakavu wa kuuza hapo kambini. Ikinuka usinilaumu.

Najua umesikia habari za maji, ila hujazisikia kwangu. Ilikuwa Jumanne, tarehe 22. Hapa Lodwar halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha huko juu milimani, laga, ule mto ambao siku nyingi ni mchanga mtupu, ikatuletea sisi. Saa tisa alasiri nikasikia mngurumo kama wa malori mengi yakipanda kilima, nikamshika Mama mkono, mkono mwingine nikashika sanduku la bati, tukakimbia. Maji yalifika dirishani. Mbuzi wawili wamekwenda, kuku wote wamekwenda, choo kimetumbukia ndani ya shimo lake. Ndani ya nyumba kumejaa tope na miiba ya miti ya mathenge hadi magotini.

Sasa tuko kwenye uwanja wa kanisa, chini ya turubai. Kila asubuhi Mama anajifunga shuka na kusema anaenda kwake. Jana nilimwambia nyumba haijakauka. Akaniuliza, "Na ikikauka?"

Wifi alimwambia Adut kwamba mnatafuta nyumba nyingine hapo Kakuma. Kwani ile ya kazini imekuwaje?

Dada yako,
Atabo

Kakuma, 9 Mei 2025

Mdogo wangu Atabo,

Ejok nooi. Barua yako imefika na harufu yake yote. Watoto wanakusalimu, mama yao pia. Mkubwa amepoteza jino la mbele na sasa anapiga mluzi kila akisema neno "samaki".

Nimesikitika sana kuhusu mbuzi, lakini mbuzi hununuliwa. Nafurahi Mama yuko hai.

Sasa nisikilize, maana haya mambo nayajua. Nimekuwa mtunza stoo miaka kumi na miwili, na kila laga ya Tarach ikifurika huku mimi ndiye ninayetoa vifaa. Usiingie kwenye tope kwa miguu mitupu. Tafuta gambuti, hata za kuazima, maana chini ya tope kuna misumari na nge. Mahindi yaliyoguswa na maji yatupwe yote, hata yale yanayoonekana mazuri. Maji ya kisima msinywe mpaka kitiwe dawa, na hata hapo myachemshe. Ile betri ya sola usiiguse ikiwa na maji. Na la muhimu kuliko yote, mtu asilale ndani ya nyumba hiyo kabla fundi hajakagua kuta. Matofali ya udongo yakilowa hudanganya. Hukauka nje, huku ndani bado ni uji.

Kazi inaendelea vizuri.

Umeniambia ulikimbia na sanduku la bati. Barua ya kiwanja huwa imo humo. Mbona hukuitaja?

Ni mimi kaka yako,
Losike

Lodwar, 27 Mei 2025

Kaka Losike,

Ejok. Mwambie huyo mpiga mluzi kwamba shangazi yake anamtumia tende za mkoma. Atafunie upande wenye meno.

Umeona nimechelewa. Sikutaka kukuandikia kabla mambo hayajatulia. Mama aliharisha siku tano. Tulikaa zahanati akiwekewa maji ya mshipa, na siku ya tatu hakunijua, aliniita kwa jina la dada yake marehemu. Sasa amepona, anakula, anagomba, basi ujue ni mzima kabisa. Kosa lilikuwa mahindi. Nilitupa magunia yote mawili kama ulivyosema, nikayamwaga kwa mikono yangu mwenyewe. Mama akaenda nyuma yangu na beseni, akaokota ya kutosha, akayaanika nyuma ya kanisa ambapo sikuweza kuyaona. "Njaa ya mwaka ule ungeniambia nitupe mahindi?" Ndivyo alivyoniuliza baadaye. Mtu aliyeona njaa ile huwezi kumshinda kwa maneno.

Tope nimelitoa lote. Siku tisa, mimi na jembe na gambuti za katekista ambazo zinanizidi namba tatu. Chini ya kitanda cha Mama nilimkuta nyoka amejikunja juu ya kile kigoda chake cha kulazia kichwa, amestarehe kuliko sisi. Nilimwomba aondoke, hakutaka, basi jembe likamwombea. Godoro nimelichoma. Mama alilia kwa ajili ya godoro kuliko alivyolia kwa ajili ya mbuzi.

Barua ya kiwanja iko salama.

Hukunijibu kuhusu nyumba ya kazini.

Dada yako,
Atabo

Kakuma, 3 Juni 2025

Atabo,

Ejok. Sisi tu wazima. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara imenikera mahali tofauti.

Kwanza, Mama aliugua hadi asimjue binti yake, nami nikaambiwa baada ya kupona. Mimi ndiye mwana mkubwa wa nyumba hiyo. Ningeambiwa ningekuja.

Pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Adut amerudi juzi. Nilimuuliza kama ameiona nyumba, akasema ameiona. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Mimi nilipita pale kwa mama yako. Mwanaume moja ako na kamba, anavuta huku, dada yako ameshika kule. Wanaangalia, wanaongea pole pole. Mimi nikawasalimia, wakanyamaza." Sasa niambie wewe, Atabo. Mwanaume gani? Kamba gani? Mtu havuti kamba kwenye kiwanja cha mwenzake kwa kujifurahisha. Huku nimeona viwanja vya wajane vikipimwa wiki hii, na wiki inayofuata vina ukuta wa mawe na mbwa.

Unaandika nyoka mistari mitatu, na barua ya kiwanja unaipa mstari mmoja. Mpe Adut barua hiyo aniletee, niiweke mimi.

Losike

Lodwar, 8 Juni 2025

Kaka,

Ejok, na salamu kwa wote wasionishuku.

Mwanaume ni fundi Aregae, yule wa karibu na mnara. Kamba ni timazi. Ina jiwe mwishoni, inaning'inizwa kandokando ya ukuta ili ukuta useme umesimama au umeinama. Wewe mwenyewe uliniandikia nimwite fundi akague kuta. Nimemwita, na sasa nimekuwa mwizi wa kiwanja. Tulinyamaza Adut alipotusalimia kwa sababu Mama alikuwa nyuma yake.

Alichosema Aregae nitakuambia ukija. Sikiandiki. Usiniulize kwa nini, maana jibu unalijua: wewe hujawahi kumficha Mama kitu tangu utoto. Nilipovunja mtungi wake ulikuwa umeapa kunyamaza, na kabla jua halijazama alikuwa amejua hadi nilivyoushika.

Barua ya kiwanja haisafiri na samaki. Itakaa hapa.

Nami nina langu la kukuuliza. Adut anasema alikuona sokoni siku ya Jumatano saa nne asubuhi, umekaa juu ya gunia la mkaa, unauza. Je, uko likizo?

Atabo

Kakuma, 30 Juni 2025

Atabo,

Natumaini hamjambo. Huku joto limezidi na watoto wana kikohozi cha vumbi, lakini si kikali.

Nimekaa wiki tatu bila kuandika kwa sababu nilikuwa nachunguza. Sasa nimemaliza.

Adut amekuja tena, na safari hii nilimwona anasitasita. Nilimbana. Akasema: "Mimi sitaki kuingia maneno ya familia. Lakini kuna alama. Mkubwa, nyekundu, kwa ukuta ya mama yako. Kama ile ya kubomoa." Nilidhani amekosea. Nikamwomba mtu ninayemfahamu hapo Lodwar aulize katika ofisi inayohusika na mambo hayo. Jibu likarudi kwamba hakuna aliyetumwa kupaka alama yoyote upande wenu. Hakuna nyumba hata moja. Basi alama ya Mama imepakwa na nani?

Nitakuambia ninavyojua mimi. Wanaotaka viwanja vya wazee hufanya hivi hivi. Wanampata mtu wa ndani, wanapaka X, mzee anaogopa serikali, anatoka mwenyewe bila kusukumwa. Kisha anaingia mwenye fedha. Sikusema mtu wa ndani ni wewe. Lakini unakataa kuniambia alichosema fundi, unakataa kunipa barua ya kiwanja, na Mama miezi miwili yuko nje ya nyumba yake mwenyewe wakati tope limekwisha na jua linawaka kila siku.

Tena bahasha yako ya mwisho ilikuwa imefunguliwa na kufungwa kwa ugali. Nani mwingine anasoma barua zetu?

Nijibu bila utani.

Losike

Lodwar, 6 Julai 2025

Kaka Losike,

Ejok. Poleni na kikohozi. Wape watoto maji ya moto yenye chumvi wasukutue.

Umesema nisifanye utani, lakini hili ni kweli tupu: bahasha niliifunga kwa ugali mimi mwenyewe. Gundi ilikwenda na maji pamoja na kuku.

Kuhusu alama. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Alama iko pale kwa faida ya Mama. Anaogopa rangi hiyo. Tangu walipobomoa vibanda vya barabarani akiwa na kibanda chake cha uji, akiona nyekundu ukutani hasogei. Zaidi ya hapo sitaandika, na nakuomba, Losike, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya pamoja, usimwambie Mama neno lolote juu ya alama hiyo. Wala lile la ofisini ulilouliza. Hata kama unaniona mwizi, endelea kuniona mwizi mpaka ufike, kisha nitakuonyesha kwa mkono na utaelewa bila mimi kufungua mdomo.

Mama hayuko nje kwenye mvua. Tumemjengea kibanda cha makuti ya mkoma na turubai huku juu kwa jirani, mahali pakavu. Ana chandarua. Maji yanachemshwa. Anashinda akisuka vikapu na kunisema. Aregae ameahidi kuanza kufyatua matofali mapya mwezi ujao, na majirani watatusaidia.

Kutoka Kakuma hadi hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa nini huji? Umeandika kurasa saba za kunishuku, na hujasema mara moja kwamba unakuja. Hata swali la mkaa hukulijibu.

Dada yako, ukitaka,
Atabo

Kakuma, 14 Julai 2025

Atabo,

Hujambo.

Nimekuomba vya kutosha. Wewe una siri na mimi siwezi kusubiri siri ya mtu wakati nyumba ya baba yetu inapotea. Kwa hiyo nimezungumza na Mama mwenyewe. Nimerekodi sauti yangu kwenye simu ya Adut na nimemwambia amchezee Mama atakapofika, kabla hajakupa wewe barua hii.

Sikufichi nilichosema. Nimemwambia alama si ya serikali, nimeuliza nikajua. Nimemwambia nyumba yetu isiachwe wazi, asiyekaa kwake hunyang'anywa, na arudi ndani. Nimemwambia mimi mwanawe ndiye ninayesema.

Ukiona nimekosea, nioneshe kosa langu kwa maandishi.

Losike

Lodwar, 19 Julai 2025

Losike,

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye benchi la hospitali. Kosa lako nakuonesha kwa maandishi, kama ulivyotaka.

Alhamisi asubuhi nilikwenda zahanati kuchukua dawa ya kutibu maji. Adut akafika nyuma yangu. Anasema Mama alifurahi kusikia sauti yako, akaomba ichezwe tena. Ikachezwa mara ya pili. Kisha Mama akachukua ufagio na kitambaa na kopo la maji, akasema anateremka. Adut alimuuliza, "Mama, Atabo anajua?" Mama akamwambia, "Atabo ni mtoto."

Nilirudi saa tano. Niliona watu wamekusanyika kwetu na vumbi limesimama hewani. Ukuta wa nyuma ulikuwa chini. Aregae alishafika na wanaume wengine wanne, wanachimba kwa mikono. Walimtoa akiwa hai. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu hadi kwenye kiwiko. Nikapiga kelele nikidhani umekatika. Haikuwa damu. Alikuwa anaisugua ile alama, Losike. Alikuwa anaisugua kwa nguvu zake zote ili itoke, ukuta ukamwangukia.

Mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili na goti limepondeka. Wameweka vyuma. Daktari anasema goti halitakunjika tena. Atatembea kwa fimbo, akitembea.

Sasa sikia alichosema Aregae siku ile ya timazi, maana hakuna wa kufichwa tena. Jiwe lilisimama vidole vinne mbali na ukuta. Alisema, "Atabo, hii ukuta imekufa, ni vile tu haijaanguka. Mtu asilale hapa, hata asiegemee." Mwanzo nilimficha Mama nisimvunje moyo, lakini alipoanza kurudi ndani nikamwambia. Aliniambia ukuta uliojengwa na mume wake haumuui. Mara mbili nilimkuta amelala ndani mchana. Nikafunga mlango kwa waya, akaufungua. Nikamwita katekista, akamsikiliza kwa heshima, na kesho yake akarudi ndani. Mimi ni binti, sina sauti. Basi nikamwomba Aregae rangi iliyobaki kwenye kopo lake, ile nyekundu ya maji, na alfajiri moja nikaenda nikapaka X kwa mkono wangu. Mama alipoiona alisema, "Serikali ni serikali," akageuka. Hakurudi tena hata siku moja, wiki nne nzima.

Ndiyo siri yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nauza kiwanja.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utamwambia. Na kweli umemwambia.

Barua ya kiwanja ililowa ndani ya sanduku. Niliikausha juani kwa siku mbili nikiwa nimeishika pembeni isipeperuke. Jina la baba linasomeka, namba inasomeka. Nilitaka ukija uikute imenyooka, nisiitie kwenye magunia ya samaki.

Nilikasirika. Bado.

Atabo

Kakuma, 23 Julai 2025

Atabo,

Sijui naanzaje. Nimeandika "ejok" nikaifuta, maana mambo si mema, si ejok.

Nimekwenda stendi mara mbili. Mara ya kwanza gari lilikuwa linaita abiria wa Lodwar, nikasimama kando mpaka likajaa likaondoka. Mara ya pili nilipanda kabisa, kisha nikashuka. Naogopa kumtazama Mama usoni. Nakuambia hivyo kwa sababu sina jingine la kukuambia ambalo ni kweli kuliko hilo.

Uliniuliza mara nne kuhusu nyumba na mkaa. Kazi iliisha mwezi wa tatu. Walitupunguza, stoo ikafungwa, nikarudisha funguo. Miaka kumi na miwili, na makabidhiano yalichukua dakika kumi. Nyumba ya kazini natakiwa kutoka mwisho wa mwezi huu. Tangu hapo nauza mkaa, na nikimwona mtu wa Lodwar ninainamisha kofia. Nilikuandikia kwamba kazi inaendelea vizuri. Nilikuwa nauza mkaa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo uliposema maji yamefika dirishani, sikumfikiria Mama kwanza. Niseme ukweli. Nilifikiria kwamba pale ndipo mahali pekee palipobaki pa kuwapeleka wanangu. Kisha kila ulichoficha nikakiona kama mtu ananifungia mlango. Mwenye kuficha huona maficho kila mahali, Atabo. Ndivyo nilivyokuwa.

Mimi ndiye niliyekuandikia mtu asilale ndani kabla fundi hajakagua. Nimeitafuta nakala kichwani mwangu nikakumbuka neno kwa neno. Kisha nikamtuma Mama ndani.

Sikuombi unisamehe sasa. Nakuomba unijibu moja tu: Mama anataka kuniona au hataki? Nikijua, nitapanda gari nisishuke.

Losike

Lodwar, 28 Julai 2025

Losike,

Nimemsomea Mama barua yako yote, hata pale pa kiwanja na watoto. Nilitaka kuruka hapo, nikaona tumeruka vya kutosha. Nilimwambia pia nani alipaka alama. Alicheka mpaka mguu ukamuuma, akalia, akacheka tena. Akasema miaka yote alijua mimi ni mkaidi, ila hakujua mimi ni serikali.

Kisha akasema chukua kalamu. Amesema kwa Kiturkana, mimi naandika kwa Kiswahili. Maneno yake ni haya.

"Losike, mwanangu. Mimi ni mzima, mguu peke yake ndio mgonjwa. Chakula cha hospitali hakina chumvi.

"Mnaandikiana kana kwamba mimi nilikwenda kulinda kiwanja. Kiwanja kinakimbilia wapi? Maji yenyewe yalishindwa kukibeba. Na usidhani niliingia kwa sababu wewe ni mwanamume uliyesema ingia. Baba yako aliniambia mengi na mengi sikuyafanya.

"Ile sauti niliisikia mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi tu kwamba ni wewe. Mara ya pili nikasikiliza. Siku zote ukinipigia simu unasema nyumba yako, Mama, paa lako, Mama, mlango wako. Safari hii ulisema nyumba yetu. Nikajiuliza, huyu mtoto ana nyumba ya kazi Kakuma, yetu imetoka wapi? Nikajua huna pa kulala.

"Ndiyo nikachukua ufagio. Nilifagia chumba chako, kile cha upande wa mlango, nikakimaliza. Nikaona watoto wako watafika na kuona ukuta umechorwa alama ya kuvunjwa, wataogopa, watakataa kuingia. Nikaenda kuifuta. Ni hivyo tu. Sikutumwa na mtu.

"Chumba hicho bado kimesimama. Fundi amesema usilale ndani, na safari hii nitamsikia. Utalala kibandani na sisi, wewe na mke wako na watoto, mpaka matofali yakauke. Pamebana. Njoo ufyatue matofali. Usinitumie sauti tena kwa simu ya mtu."

Hapo akasema basi, akafumba macho. Nikamuuliza kama nimsalimie wifi. Akasema salamu atatoa mwenyewe.

Mimi bado nina hasira, na utanikuta nayo. Lakini nimeanza kupanua kibanda upande wa mashariki, na gambuti za katekista sijazirudisha, maana nadhani zitakutosha.

Nimeandika alivyosema, sikuongeza neno. Ukishuku nimeongeza, njoo umuulize.

Atabo